Dawa ya Deni

Mkataba ulikuwa kurasa saba, kalamu ilikuwa ya baba.
Karani wa basari akanisomea
kwa sauti ya mtu ahesabuye magunia:
kaunti itakulipia ada miaka sita,
nawe utailipa kaunti miaka mitano,
popote itakapokutuma.
"Tia sahihi, mwanangu," baba akasema,
"dawa ya deni ni kulipa."
Nikatia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
na mitano ilikuwa neno tu.

Walinituma Mwakirunge.
Ni Mombasa pia, ingawa watu wa Tudor
wakisikia huniuliza, "Hiyo si Kilifi?"
Ni Mombasa ile inayopokea taka za Mombasa.
Malori hupita mbele ya zahanati tangu alfajiri,
na nzi hujiandikisha kabla ya wagonjwa.

Muuguzi Mbeyu alinionyesha kabati la dawa lisilo dawa,
kitanda cha uzazi kilichofungwa waya mguu mmoja,
na kalenda tatu kuukuu ukutani,
kila moja imekatwa siku kwa kalamu nyekundu
hadi mwezi fulani, kisha basi.
"Mwenye hii alimaliza. Mwenye hii alitoroka.
Wa hii, mjomba wake aliwarudishia pesa zao."
Yangu ilikuwamo mkobani.
Niliona haya kuitoa.
Mwezi wa pili nikaitundika, nyuma ya mlango.

Wakaniita Daktari wa Deni. Si kwa ubaya.
"Leo kuna mtu?" "Yuko, yule wa deni."
Bi Nyevu, mwokota chupa, kiganja kimepasuliwa na kioo,
akaniuliza nikimshona:
"Wadaiwa ngapi, mwanangu?"
Nikamtajia.
Akanyamaza mishono mitatu.
"Na mkono huu, wapunguza ngapi?"

Usiku ule nilipiga hesabu, kwa ujinga wa mwenye shahada:
ada gawanya kwa siku, siku gawanya kwa wagonjwa.
Kila mmoja akatoka bei ya kilo moja ya sukari.
Mtoto wa degedege, kilo.
Mzee Ndaro na kisukari chake, kilo, Mungu anisamehe.
Mama wa mapacha, saa tisa za usiku,
taa ni simu ya Mbeyu, betri asilimia nane,
kilo mbili, tuseme tatu,
maana wa pili alitanguliza matako.

Sidi aliletwa na homa ya siku nne.
Ambulensi ilikwama nyuma ya lori la taka.
Niliandika saa kwenye faili.
Huyo nimgawanye kwa nini?

Kaunti nayo ina deni langu, mishahara ya miezi mitatu.
Deni hilo halina kurasa saba.

Jana barua imefika, mistari miwili na muhuri:
umetimiza wajibu, uko huru.
Baba kanipigia simu akicheka, "Umepona sasa!"
Mbeyu hakuuliza kitu.
Aliipangusa vumbi kalenda yangu,
akashika kalamu nyekundu, akaniangalia,
akaiweka mezani, upande wangu.

Leo asubuhi, wa kwanza kwenye benchi ni Bi Nyevu
na mjukuu wake anayekohoa.
Kovu la kiganjani limekaa vizuri; nimelitazama kabla ya kumtazama yeye.
"Wasema umelipa."
"Nimelipa."
"Haya. Sasa twadaiana nini?"

Nikamwinua mtoto shati, nikaweka chuma mgongoni.
Baridi ikamshtua.
Vuta pumzi, nikamwambia.
Akavuta.
Lori likapita, sikusikia kitu.
Vuta tena.