Upande B

Kaseti ya kwanza ya Deza Nyafwono
niliiua mwenyewe. Niliuvuta utepe wote nje,
nikamkabidhi mama mita tisini za sauti
azitundike juu ya mpunga wa Doho, kutishia ndege.
Hakuna aliyenilaumu.
Tulisema: kinanda cha mtoto, ngoma ya mkebe,
na msichana anayelia kabla hajaguswa.

Tulikuwa na miaka kumi na tisa, tulitaka viuno.
Alipotoa ya tatu, ile ya jalada jekundu,
Tororo nzima ilihamia ukumbi wa reli;
hata vijana wa kiwanda cha saruji
waliingia zamu ya alfajiri
na michirizi ya jasho juu ya vumbi la jana.
Huyu ndiye Deza, tukasema.
Kule nyuma alikuwa akijifunza.

Leo tuko kwa Nyadoi, chungu cha malwa katikati,
mirija saba, mmoja umeziba.
Owori kaja na spika ndogo inayoning'inia shingoni
kama kengele ya mbuzi.
"‘Nirudishie Ufunguo,’" anasema. "Ubeti wa pili. Msiongee."

Ubeti wa pili. Anafika kwenye neno *mlango*
na hapo anakawia.
Si madoido. Anakawia
kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yake
akisikia wenzake wanacheka ndani.
Zamani tulidhani kasahau maneno.

Emoit ameuachia mrija wake.
Nyaketcho anasema, bila kumtazama mtu:
"Usiku niliomfukuza Silvesta redio ilikuwa ikipiga huu.
Sikuusikia. Nilikuwa napiga pasi.
Nilipiga pasi shati lake, nikalikunja, nikalitupa nje."
Owori anaurudisha wimbo nyuma.
Mara ya pili sote tunalingoja lile neno,
na lilipokawia, Nyadoi naye,
aliyekuja tu kuongeza maji ya moto,
akabaki na birika hewani.

Ikwaput hakubali. Mwalimu wa hesabu, huyo.
"Kinanda ni kibovu vilevile. Wimbo haujasogea hata nukta.
Ninyi ndio mmezeeka,
na aliyezeeka husifu hata mbu wa ujana wake."
Tunacheka, maana ana haki.
Kinanda ni kibovu, Mungu shahidi.
Na albamu ya pili ina nyimbo tatu za kutupa;
ule wa kumsifu tajiri wa baiskeli
tuliuruka bila kupiga kura.

Lakini wimbo wa mwisho, ule wa taratibu kuliko zote,
uliorekodiwa Mbale, nyuma ya banda la kuku,
ulimalizika na jogoo.
Anamaliza Deza, pumzi inashuka,
na kwa mbali jogoo anawika, mara moja, vibaya.
Tulimcheka jogoo yule mwaka mzima.
Tulimwigiza shuleni, tulimwigiza hata kwenye matanga.

Sasa wimbo unafika mwisho kwenye spika ya Owori.
Pumzi inashuka. Tunainamisha vichwa, watu wazima saba.
Kimya.
"Jogoo yuko wapi?"
Owori anatafuta kwenye simu, anapekua, anakuna sikio.
"Wamemfuta. Wamesafisha."
"Nani kawaambia wasafishe?" anafoka Ikwaput,
na tunamgeukia, na yeye anajidai anazibua mrija.

Nani ana kaseti yenyewe, wanaulizana.
Labda kwa shangazi, labda Malaba, labda yule fundi saa.
Mimi nimeinamia chungu.
Sikuwaambia kuhusu mpunga.

Mama, kabla hajafa, aliwahi kusema
kuwa ule utepe ulikuwa ukivuma usiku, upepo ukigeuka.
Si wimbo, mvumo tu,
uzi mrefu unaotetemeka juu ya maji.
Na ndege?
Ndege, akasema, msimu ule walikula kwa jirani.