Vifungo Katika Mkebe

Alhamisi, soko la Arua likishafunga mabati yake,
sisi tunafungua midomo.
Washonaji saba, cherehani saba zimefunikwa vitenge,
na mkebe mmoja wa majani ya chai, mtupu.
Sheria aliitunga Letaru:
anayesema asimame,
na kila akikokota "eee",
kila akijificha nyuma ya "yaani",
kifungo kidondoke mkebeni.
Ti.

Usiku wangu wa kwanza: vifungo thelathini na kimoja.
Vingetosha makoti ya kwaya nzima.
Nilizungumzia ada ya meza
nikiitazama sakafu, kana kwamba sakafu ndiyo inayodaiwa.
Na mikono! Niliitia mfukoni, nikaitoa, nikaikunja,
mwisho nikaomba tepu ya kupimia
niipime hewa nikiongea.

Mimi ndiye mwenyekiti, usicheke.
Mama Onzima alihamia Koboko na mumewe
akaniachia daftari, muhuri, na kiti kinachoyumba.
Kitambaa najua: unapima mara mbili, unakata mara moja.
Neno nilikuwa nalikata kwanza,
halafu naanza kutafuta vipimo.

Nikajifunza polepole
kwamba kituo si shimo, unaweza kusimama juu yake;
kwamba wa kuambiwa ni yule wa nyuma kabisa,
anayebembeleza mtoto mgongoni;
kwamba Kilugbara changu kina mzaha,
Kiingereza changu kimevaa viatu vya kuazima,
na Kiswahili cha sokoni kinatembea peku
lakini kinafika.

Mvua zilipokolea wakatuita manispaa.
Paa linavuja, tulisema, nguo za wateja zimeota ukungu.
Tulisema, yaani nilisema mimi,
wengine sita wakiwa wameketi nyuma yangu kama ukuta.
Afisa akaangalia saa: "Kwa kifupi, mama."
Koo likanikauka chaki.
Nikakifinya kifungo nilichokificha kiganjani,
nikahesabu moja, mbili, tatu, kimyakimya:
"Nitafupisha, mheshimiwa, mvua ikifupisha."
Kicheko kikapita chumbani kama pasi juu ya kunyanzi.
Wakaahidi kulifikiria.
Wanalifikiria mpaka leo. Tumekinga beseni.

Alhamisi iliyofuata walinipigia vigelegele,
Letaru akaniigiza, hata kidole nilichokiinua.
Nami nikachungulia mkebe,
nikajikuta nahesabu majina badala ya vifungo.
Ayikoru hajawahi kudondoshewa hata kimoja.
Tulikuwa tukimsifu: huyu msafi, huyu hana kosa.
Miezi minne
hajasimama.

Hapo nikanyamaza.
Hilo, kusema kweli, sikuwa nimelifanyia mazoezi.
Nikatoka kwenye kile kiti,
nikaketi benchini karibu na mlango,
mkebe mapajani.
Tone likalia kwenye beseni, na jingine.
Mtu akakohoa. Letaru akafungua kinywa kusaidia,
nikamgusa goti.

Ayikoru akainuka
ameshika ukingo wa cherehani yake kwa mikono miwili
kama mtu anayeshuka kwenye lori likiwa bado linakwenda.

"Eee," akasema.

Kifungo nikakifumba kiganjani
kisilie.