Karo ya Mbeyu

Barua nimeishika, Mbeyu kaitwa chuoni,
Karo walivyoiweka, haiingii kichwani,
Chumvi kutwa naitweka, kwenye lori la Gongoni,
Mshahara ukifika, nusu ni deni dukani.

Wanasema Serikali, haina fungu la chuo,
Kodi naitoa kweli, kwenye sabuni na nguo,
Hata mwanga wa kandili, hutozwa bila chaguo,
Nimelipa mara mbili, bado sina ufunguo.

Kahindi akanijibu, beleshi kashikilia:
“Darasa la sita, babu, ndiko nilikoishia,
Sina mwana wa vitabu, wako nitamlipia?”
Sikuwa nayo jawabu, chumvi nikaangalia.

Jioni nikamwambia, njiani tukipumua:
“Dama alipoumia, nani alimpasua?
Mwana wa mama bajia, kwa kodi alichipua.”
“Huyo yuko Italia!” Kicheko akaangua.

Akazama mfukoni, mia mbili kachomoa:
“Hii si kodi, jirani, najua ninapotoa.”
Barua ipo mezani, chumvi imetia doa,
Mbeyu, wino kidoleni, ajumlisha, atoa.

Gongoni, Malindi