Usukani wa Kwenda Kigoma

Miaka ishirini na tisa nimeiandika Kigoma
kwenye tiketi, dirishani, stesheni ya Tabora,
nikigonga muhuri hadi kifundo cha mkono wa kulia
kikaanza kulia chenyewe, usiku, bila kuguswa.
Kigoma. Kigoma. Daraja la tatu, Kigoma.
Njia yenyewe sikuwahi kuiona.

Sasa nimestaafu, na baiskeli ninayo.
Kilichobaki ni usukani.

Kwa Shija, Isevya, sukani zimening'inia ukutani
kama pembe za wanyama walioliwa zamani.
Huu umenyooka fito, wa vijana,
wa kupandia milima; na Tabora milima iko wapi?
Nilipoushika, mabega yakapanda masikioni.
Huu umejikunja kama pembe za beberu.
"Wa mashindano," akasema. "Unainama, unakata upepo."
Nikainama.
Nikaona viatu vyangu, mnyororo,
na sisimizi wamebeba bawa la nzi.
Njia sikuiona.

Shija akajifuta grisi kwa kipande cha khanga.
"Mzee Kapela, fumba macho.
Sukuma toroli la mchanga."
Nikasukuma hewa, mbele ya wateja,
mtu mzima na mvi zangu.
"Hapo hapo! Sasa tazama mikono."
Viganja vilikuwa vimeelekeana nusu,
kama majirani waliogombana jana
na leo kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

"Mikono imeshachagua," akasema Shija,
akachomoa nyuma ya mlango Foniksi ya kale,
usukani uliorudi nyuma, kuelekea kiunoni,
kromu imebanduka pale paliposhikwa sana.
Ulikuwa wa muuza asali wa Sikonge
aliyenunua pikipiki.
Bado unanuka nta.
Akataka kumi na mbili, nikamwambia nane,
tukakutana kwenye kumi
na vipande vya mpira wa tyubu vya kuzungushia mshiko.

Nikaujaribu hadi Ndono na kurudi.
Kidole cha mwisho kikafa ganzi.
Nikamweleza Shija kirefu: umri, muhuri, baridi ya dirishani.
Hakujibu. Akalegeza nati,
akaunyanyua upana wa vidole viwili, akakaza.
"Mwili hausikii hotuba, Mzee. Unasikia spana."

Nimeondoka Jumanne kabla ya adhana,
maji chupa nne, karanga, sweta la marehemu mke wangu.
Mgongo umesimama wima. Naona mbuga,
naona mizinga juu ya miyombo,
naona jina moja moja la stesheni
nilizoziuza bila kuzijua.

Karibu na Usoke treni ikanipita.
Dirisha la daraja la tatu, mtoto akapunga.
Mkono wangu wa kulia, ule ule wa muhuri,
ukauachia usukani, ukapanda juu,
ukakaa huko hadi behewa la mwisho,
na baiskeli haikuyumba.