Uzito wa Jumamosi

Saa kumi na mbili na robo. Luchelele bado imejifunika.
Nimebeba michembe kwenye mfuko wa rambo,
chupa ya chai, na koti la mvua
la marehemu shemeji Lusato,
mikono yake mirefu kuliko yangu.

Nyanzobe ameshaanza kugonga.
Yuko chini ya turubai, nyundo na jabali,
kokoto zinamrukia miguuni kama panzi.
"Na nani?"
"Peke yangu."
"Kufuata nini huko?"
Nikaonesha juu kwa kidevu,
kana kwamba juu ni jibu.

Siku sita mimi ni karani wa mizani,
kiwanda cha minofu, zamu ya asubuhi:
sangara, kilo tatu na nusu,
sangara, kilo kumi na mbili,
kwa macho tu nakutajia kabla mshale haujatulia.
Nimepima hadi nikipewa mkono wa mtoto nimsalimu
naukadiria gramu.
Ndiyo maana nimepanda. Labda.

Mgongo wa mlima huu hauna njia, una mabishano.
Jiwe linasema pita huku,
mchongoma unasema thubutu.
Rasharasha ilipogeuka mvua yenyewe
itale ikajipaka sabuni,
nami nikashushwa cheo, miguu miwili hadi minne,
kisha makalio,
koti likiniburuzikia nyuma kama mkia,
na pimbi mmoja mlangoni pa ufa wake
akinitazama vile mwenye nyumba
anavyomtazama mpangaji wa miezi mitatu bila kodi.

Ziwa halikuwepo.
Nasema kweli. Kushoto, palipo na ziwa tangu nizaliwe,
palikuwa na weupe tu,
stakabadhi kabla sijaiandika.
Honi ya kivuko ilitoka humo
ikarudi humo.

Radi ikapasuka upande wa Sengerema.
Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano,
ikapasuka tena.
Moja, mbili
na sikungoja tatu.
Nikaiacha njia ya juu, nikateremka ubavuni
hadi penye jiwe lililoegemea jenzake
kama mlevi na mlevi,
nikajipenyeza.

Pakavu. Upana wa mkeka wa mtu mmoja.
Masizi ya moto wa mchunga mbuzi, ganda la hindi,
harufu ya mavi ya popo.
Nikala michembe polepole, moja moja,
nikanywa chai yangu, tamu kupita kiasi,
maana sukari niliitia mwenyewe
bila mtu wa kuninunia.
Nje mvua ilikuwa inapiga mlima mzima,
ufa kwa ufa, bila kuruka hata mmoja.

Natafuta leso mfukoni, vidole vikagusa kikaratasi.
Tiketi ya kivuko. Imelowa,
wino umekwenda zake,
kimebaki kitobo cha mkaguzi.
Sikujua siku ile Lusato alikuwa anakwenda
au anarudi.
Nikaiweka kiganjani nikaikadiria, mazoea tu,
nikangoja namba ije kichwani kama zinavyokuja zote.
Haikuja.
Nikangoja tena.

Saa nane mawingu yakafunguka kidogo kwa chini,
mstari mmoja wa maji ukaonekana, wa rangi ya bati,
na mtumbwi mmoja juu yake, au gogo.
Nikashuka.
Nilianguka mara mbili, ya pili hadharani,
watoto wa shimo la kokoto wakahesabu kwa sauti.

"Umepata nini?" Nyanzobe, nyundo hewani.
"Nimelowa."
Akacheka, akanisogezea ndoo niketi chini ya turubai.
Nikavua koti, maji yakamwagika kama mtu kajikojolea.
"Kilo ngapi hilo, bwana mizani?"
"Nne na robo."
Akaweka nyundo chini, akalinyanyua kwa mkono mmoja,
ule wa kupondea,
akaliacha lining'inie, akilisikiliza.
"Tano," akasema.

Sikubishana.