Kilo Ishirini na Tatu

Nauli yangu ilianza na jogoo.
Jumapili ya mavuno, nje ya kanisa, Mwika,
mzee wa kanisa alimnyanyua kwa miguu akanadi,
na jogoo yule akauzwa mara nne:
kila aliyemnunua alimrudisha mnadani,
"Auzwe tena, Ndeshi aende Madagaska."
Sijui nani alimla mwishowe.
Mimi bado nina deni naye.

Wiki sita tu. Naenda kufundisha cherehani
kwa wasichana wa kusini kule, shule ya misheni,
namna ya kushona taulo za kitambaa
ili siku zao zisiwafungie nyumbani.
Nimekata mifano sitini. Flaneli, vifungo,
uzi wa kijani, maana mweupe ulikwisha Mbuyuni.

Hospitali ya Mawenzi, nesi alinidunga begani
akaniandikia kadi ya njano.
"Mama, miaka hamsini na nane,
hujawahi kufika hata Mombasa?"
Nikamwambia Himo nimefika mara nyingi.

Usiku najifunza maneno
kwenye daftari la mjukuu, nyuma ya hesabu zake.
Misaotra: asante.
Rano: maji.
Miala tsiny: samahani.
Mchungaji Kileo, aliyekaa kule miaka miwili, anasema
neno hilo ukilipasua, ndani utakuta lawama,
lawama inayobanduka na kwenda zake.
Nimelirudia nikipiga pasi, mara ishirini, mara thelathini.
Ulimi unateleza vizuri.
Ni rahisi kuomba radhi kwa lugha usiyoijua.

Kisha begi.
Ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu,
na mzani wa kuaminika kijijini ni mmoja,
ule wa kahawa, pale chama cha msingi,
na mshika mzani ni Elinaja,
mtoto wa mama yangu.
Hatujasalimiana tangu tulipomzika baba migombani
na karatasi yake ikasomwa: kipande cha juu, penye mfereji,
ni cha binti.
Miaka tisa. Kanisani yeye hukaa kushoto, mimi kwaya;
tunaiendea meza ya Bwana kwa zamu tofauti
kama watu wanaoogopa kugusana viwiko.
Na mimi ndiye niliyepigishwa magoti mbele ya usharika,
nikawekewa mikono, nikaambiwa:
nenda, ukawe chumvi.

Nilikata isale mpakani,
pale pale penye ugomvi.
Jani lile lile linalosema hapa ni kwangu
ndilo linalosema nisamehe,
kutegemea mkono ulivyolishika.
Nikalipiga fundo.

Sikuwa na hotuba. Begi kichwani, jani mkononi,
nikasimama kwenye foleni nyuma ya magunia ya watu.
Zamu yangu ilipofika Elinaja aliangalia jani,
akaangalia begi,
akalitundika kwenye ndoano.
"Ishirini na sita na nusu," akasema.
Sauti yake imekuwa ya baba.

"Punguza."

Nikapiga magoti sakafuni, kwenye vumbi la kahawa,
nikafungua zipu mbele ya foleni nzima,
nikatoa viatu vya akiba, nikatoa mkasi mmoja kati ya mitatu,
na koti ambalo binti yangu alisisitiza, sijui kwa baridi gani.
Akapima. Nikatoa tena.
Mara ya tatu hakuutazama mzani.
"Hivi viatu nitavileta nyumbani kwako," akasema.
"Nitapita kwa juu. Kwenye mfereji."

Jani lilikuwa limelala juu ya kitabu cha stakabadhi.
Hakulichukua. Hakunirudishia.
Aliyenifuata akaweka gunia lake.

Ndege ni Alhamisi, KIA, saa tisa usiku.
Begi lina ishirini na mbili na robo tatu.
Hiyo robo iliyobaki
sijaitilia kitu.