Rangi ya Ndani ya Sufaila

Alikuja mwezi wa saba, Salala imelowa chepechepe,
manyunyu ya kharifu yameingia mpaka ndani ya makopo,
kipimo cha unyevu ukutani kinasoma tisini na moja.
Nikamwambia, Bi Thumna, mwezi huu simwagi rezini,
inaota utando kama jicho la mgonjwa.
Akaketi juu ya ndoo. Hakuondoka.
Akafungua leso: kombe moja la sufaila, kutoka Mirbat.
"Nataka meza ya rangi hii. Ya ndani. Si ya mgongoni."

Mgongo wa kombe ulikuwa kisigino cha mpagazi.
Tumboni, subhana,
kijani kimefukuzwa na waridi, waridi limejificha kwenye fedha,
ukiligeuza kidogo tu, wote wamehama,
wamepanga nyumba nyingine.

Nikashusha mikebe ya ulanga uliosagwa.
Wa maikroni kumi: laini, unakupanda puani hujavuta pumzi,
mng'ao wake wa hariri, hauna ugomvi na mtu.
Wa sitini una chembe, unakonyeza.
Wa mia mbili, huo ni wa vijana na pikipiki zao.
Nikakoroga vikombe, kila kimoja na kijiti chake,
nikapaka kwenye kadi nyeupe.

"Hii rangi ya kucha."
"Hii karatasi ya peremende."
"Hii gari ya Musallam mtoto wa dada yangu, na keshaigonga."

Nikazidisha poda. Ndilo kosa letu mafundi:
mng'ao ukikataa, tunauongezea kijiko.
Vipande vinabanana, vinalaliana ovyo kama magodoro ghalani,
na badala ya lulu unapata
tope lenye majivuno.

Karibu na magharibi nikatoa mkebe ambao wateja huurudisha,
poda nyeupe tu, unga wa muhogo.
Kwenye kadi haikusema neno.
Nikachukua kigae nilichokipaka weusi wa masizi,
nikapitisha brashi mara moja.
Weusi ukaitika: kijani.
Nikakiinamisha: waridi.
Bi Thumna akainuka, ndoo ikabingirika.
"Kumbe inataka giza chini yake."
Nikaanza kumweleza habari za tabaka na nuru.
Hakunisikiliza. Alikuwa ananusa kigae.

Mumewe alizamia sufaila miaka thelathini,
kwa pumzi yake mwenyewe, kisu kiunoni,
akaja kufia kitandani, kwa sukari, na mguu mmoja.
Hayo aliniambia akitafuta viatu mlangoni.

Nilimwaga mwezi wa kumi, usiku, kharifu imekwenda zake,
mlango umefungwa, feni imezimwa.
Kwanza nyeusi. Nikangoja mpaka ikawa inanata kidole
bila kukikamata.
Kisha ile nyeupe isiyosema.
Viputo vikapanda. Nikawasha tochi ya gesi,
nikavipasua kimoja kimoja, ndio ufundi wenyewe,
mteja asijue kwamba meza iliwahi kupumua.
Ukingoni vikabaki saba, mstari uliopinda.
Nikatazama kombe dirishani.
Nikahesabu matundu yake:
manne wazi, matatu yamejiziba kwa uzee.
Nikazima tochi.

Siku ya kuichukua alipitisha kiganja polepole,
akafika ukingoni, akasita.
"Hapa pana kasoro."
"Ipo. Nipunguze bei?"
Akahesabu kwa ukucha, midomo ikicheza.
Akalipa yote, riali mia mbili na kumi, noti za kumi kumi,
akaikunja leso ikiwa tupu,
kombe akaliacha palepale dirishani
kama mtu aliyesahau, na hakusahau.
Akiwa kwenye gari akarudi mbio:
"Na ile kadi ya rangi ya kucha nipe. Binti yangu ataipenda."

Ulanga hautoki mwilini. Nimeoga, nimesugua.
Ijumaa mtoto wa jirani aliniuliza
mbona masikio yangu yamevaa Idi.